Muda wa Kujitunza: Nani Njo Analipa?

Bandugu, kila mwaka, mwezi wa tatu, telefone zetu zinajaa video za namna moja. Kijana wa Paris ao wa Montréal anafungua dirisha, anatandika shuka nyeupe, anakunywa maji ya limau, anaandika mipango yake mu kijitabu kizuri, kiisha anatuambia: majira ya kuchipua yamefika, ni wakati wa kujitunza na kufanya upya mazoea ya kila siku. Sisi tunamtazama tukiwa Lubumbashi. Hapa mvua inapiga ku mabati, matope iko mpaka mlangoni, na nguo tuliyofula siku ya posho bado haijakauka. Video inapita, lakini neno linabaki mu kichwa: jitunze.

Neno lenyewe si baya. Nalisema mbele, ili mtu asifikiri kwamba nakuja kucheka wenye kuchoka. Vijana wengi waliomaliza masomo wamechoka kweli. Ulitetea kazi yako ya mwisho, ukapata diploma, jamaa ikapiga vigelegele, kiisha ukaanza kuzunguka mu maofisi na faili chini ya kwapa. Ukapata staji isiyolipwa. Nyumbani wanangoja ulete kitu, wewe mwenyewe unaomba franga ya tiketi. Usiku unageuka-geuka ku kitanda mpaka jogoo inawika. Mtu wa namna hiyo akiambiwa "jitunze" hatukanwi. Anasaidiwa.

Shida yangu iko kwa vitabu na mafundisho yanayobeba neno hilo mpaka kwetu. Nimesoma vile vinavyozunguka sana kati ya wanafunzi, kwa Kifaransa, mara nyingi mu PDF ambayo mtu anamtumia mwenzake. Viko na mazuri yake, nitayasema. Lakini vingi vyao viko na shimo moja. Vinatuuliza tutafanya nini na muda wetu. Haviulizi muda huo umetoka kwa nani.

1. Majira ya nani?

Tuanze na hayo majira. Desturi ya kusafisha nyumba mwanzo wa majira ya kuchipua iko na sababu yake kule ilikozaliwa. Ulaya na Amerika ya kaskazini, wakati wa baridi watu walifunga madirisha miezi mingi, wakawasha kuni, makaa ya mawe na taa za mafuta ndani ya nyumba. Baridi ilipoisha, masizi yalikuwa yameshika kuta, mapazia na matandiko. Walitoa vyote inje juu mbele ya pale haikuwezekana. Wairani nao wanafanya usafi mkubwa mbele ya Nowruz, mwaka wao mpya, karibu na tarehe 21 mwezi wa tatu. Kazi hiyo wanaiita khaneh-tekani, maana yake kutikisa nyumba. Wayahudi wanasafisha nyumba mbele ya Pasaka yao ili kusibaki hata chembe ya mkate wenye chachu. Kila mara kuko sababu, ya hewa ao ya imani. Na kila mara ni kazi ya nyumba nzima, yenye wakati wake ambao wote wanaujua.

Video imechukua desturi hiyo, ikaondoa sababu, ikaondoa nyumba nzima, ikabakisha mtu mmoja na shuka yake. Njo ile inatufikia.

Lakini sisi pia tuko na majira yetu ya kuchipua, hata kama mu shule walitufundisha kwamba Katanga iko na majira mawili tu, ya mvua na ya kiangazi. Mwezi wa sita na wa saba tunatetemeka na baridi. Mwezi wa nane vumbi na moshi wa pori linaloungua vinatuingia mu mapua. Mwezi wa tisa joto inapanda. Na hapo, mbele tone moja ya mvua ianguke, miti ya miombo inatoa majani mapya, mengine mekundu sawa shaba, na mu barabara za mji jakaranda zinafungua maua yao ya zambarau. Mvua yenyewe inakuja kushika nguvu mwezi wa kumi na moja. Ukitaka majira ya kufanya upya mazoea yako, ni haya. Nyumba iko na vumbi ya kiangazi kizima, kanivo zimejaa takataka, na mvua iko njiani. Hiyo ni sababu yetu sisi, hatukuazima kwa mtu.

Tena, kuletewa kanuni za nyumba kutoka mbali si jambo jipya mu mji huu. Wakati wa Wabelgiji kulikuwa na foyers sociaux, ambako wanawake wa mijini walifundishwa kushona, kupika na kupanga nyumba namna bazungu waliona inafaa. Leo mwalimu ni telefone. Swali la kuuliza ni lile lile: kanuni hii ilitengenezwa kwa nyumba ya namna gani, na mu nyumba hiyo nani alikuwa anabeba maji?

2. Asubuhi ya muujiza

Kitabu cha kwanza ni Miracle Morning cha Hal Elrod, Mmarekani, kilichotoka 2012. Elrod alipata ajali kubwa ya gari 1999, akiwa na miaka 20. Kiisha mgogoro wa feza wa 2008 ukamwangusha tena. Kitabu kinaeleza namna alivyojiinua: kuamka mapema kuliko ulivyozoea, na kufanya mambo sita mbele ya kazi za siku. Unakaa kimya, unajisemesha maneno ya kujitia nguvu, unaona mu mawazo maisha unayotaka, unafanya mazoezi ya mwili, unasoma, unaandika.

Nakubali nguvu ya kitabu hiki. Kimeandikwa na mtu aliyeanguka kweli, na kinaomba vitu ambavyo havinunuliwi. Mwanafunzi anayesoma kurasa kumi kila asubuhi, mwisho wa mwaka atakuwa amesoma vitabu zaidi ya kumi. Hakuna wa kubisha.

Sasa tukipeleke mu nyumba moja ya Katuba ao ya Ruashi. Saa kumi ya usiku, mu nyumba hiyo kuko mtu ameshaamka. Mara nyingi ni mama, ao ni binti. Bomba ya kartie inatoa maji usiku tu, ao haitoi kabisa, basi wanaenda na mabidoni ku kisima ao kwa jirani, wanapanga mulolongo. Bidoni ya lita 20 ikijaa ni kilo 20 ku kichwa. Wakirudi, ni kuwasha mbabula, kupasha maji ya kuoga, kufagia kiwanja, kuandaa wadogo kwenda shule. Na kama umeme umerudi katikati ya usiku, kuko aliyeamka saa nane kupiga pasi na kuchaji telefone za watu wote, juu anajua asubuhi utakatika tena.

Kijana wa nyumba hiyo, aliyemaliza unif, anaamka saa kumi na moja. Maji ya kuoga iko tayari. Kiwanja kimefagiwa, vumbi imetulia. Anakaa kimya dakika kumi, anasoma, anaandika malengo yake ya mwaka. Asubuhi ya muujiza, kweli. Lakini muujiza huo ulifanywa na mdogo wake msichana, na jina lake halimo mu kijitabu.

Elrod haoni jambo hili juu anaandikia nyumba ambazo bomba inafunguka, jiko linawaka kwa kidole, na mashini inafula nguo. Mu nyumba zile, saa moja ya ziada unaikata ku usingizi wako mwenyewe. Kwetu bomba, jiko na mashini ziko na majina ya watu, na watu hao wanachoka. Ukitwaa saa moja, mara nyingi umeikata ku usingizi wa mwingine.

Kuko na ubaya wa pili, na huu haukutoka kwa Elrod peke yake. Makocha wetu wa hapa wameuongeza chumvi. Wanasema maskini ni maskini juu analala sana. Bandugu, kama kuamka mapema kungeleta utajiri, wamama wanaouza tomati ku soko ya komini Kenya wangekuwa na magorofa. Wanaamka mbele yetu sisi wote, tangu miaka. Mafundisho yanayomwambia mtu asiye na kazi kwamba shida yake ni saa ya kuamka, yanampa haya juu ya mzigo anaostahili kusaidiwa kuubeba.

3. Furaha mu kabati

Kitabu cha pili ni cha Marie Kondo, Mjapani, ambacho kwa Kifaransa kinaitwa La Magie du rangement. Kwa Kiingereza kilitoka 2014, na mwanzo wa 2019 Netflix ikaonyesha kipindi chake. Njia yake inajulikana. Usipange chumba kwa chumba, panga aina kwa aina: nguo kwanza, kiisha vitabu, karatasi, vitu mbalimbali, na mwisho vitu vya kumbukumbu. Shika kila kitu mu mikono, ujiulize kama kinakuletea furaha. Kisipokuletea, kishukuru, kiisha ukiache kiende.

Kile kushukuru kimenigusa. Mtu anayeshukuru shati iliyozeeka anajua kwamba vitu vinatutumikia. Tena Kondo angekuwa na maneno ya kusema mu masalo zetu. Sote tunajua ile kabati ya vioo yenye sahani na gilasi ambazo zinangoja mgeni mkubwa tangu mwaka wa ndoa ya wazazi, huku batoto wanakunywa mu kikombe cha plastiki kilichopasuka. Hapo nampa haki: kutunza kitu kwa mgeni asiyekuja ni kujinyima wenyewe.

Lakini kuachilia kwake kunategemea duka lililo karibu na franga mu mfuko. Mwenye kutupa leo ajue kwamba kesho akihitaji atanunua. Kwetu chupa tupu ni ya mafuta ya mawese. Kopo tupu ni kipimo cha kuuzia karanga. Suruali isiyokuenea tena inangoja mdogo, na mdogo ikimkataa inangoja mtoto wa shangazi. Haziko hapo juu tunapenda ujazi. Ni akiba ya watu wasio na akaunti ku benki. Furaha si kipimo cha kutosha kwa bidoni ya manjano. Hakuna mtu anaishika kwa furaha, lakini nyumba haiwezi kukaa siku moja bila hiyo.

Na karatasi! Ushauri wake wa msingi juu ya karatasi ni kutupa karibu zote. Wewe uliyemaliza masomo hapa, jaribu uone. Siku utakapoomba kitambulisho cha masomo, mu dirisha la ofisi watakuuliza bordero ya feza uliyolipa mwaka wa kwanza, ile yenye muhuri ulioanza kufutika. Mtu wa kwetu anatunza karatasi mu mfuko wa plastiki chini ya godoro juu ofisi haina kumbukumbu; yeye mwenyewe njo kumbukumbu ya ofisi. Mpaka siku maofisi yatatunza, godoro zetu zitabaki nene.

Kuko hata hivyo jambo moja mu kitabu hicho ambalo wasomaji wetu wanaliruka haraka. Kondo anakataza kutupa vitu vya watu wengine wa nyumba. Anasema anza na vyako. Panga vyako, weye mwenyewe, kwa mikono yako. Kwa kijana mwanaume anayefuliwa nguo mpaka miaka 28, sentensi hiyo peke yake inatosha kuwa mapinduzi.

Na 2023, kisha kuzaa mtoto wa tatu, Kondo mwenyewe alisema wazi kwamba nyumba yake haipangiki sawa zamani, na kwamba kwa sasa kukaa na batoto wake kunapita. Wengi walimcheka mu intaneti: tazama, malkia wa kupanga amechoka! Mimi nilimheshimu zaidi. Pale alikubali jambo ambalo kitabu chake hakikulisema kwa nguvu, kwamba muda wa nyumba ni mmoja na unagawanywa kati ya watu. Ukiuweka kwa kabati, umeutoa kwa mtoto.

4. Mspata na mshairi

Waliosoma filozofia wanamjua Michel Foucault. Kitabu chake Le Souci de soi kilitoka 1984, mwaka aliokufa. Anaeleza namna Wagiriki na Waroma wa zamani walifanya kujitunza kuwa kazi ya maisha: kujichunguza jioni, kusoma, kuandikia rafiki barua, kupima chakula na usingizi. Vijana wakisikia hivi wanafurahi: kumbe kujitunza ni jambo la wenye hekima, si uvivu wa kisasa!

Ndiyo, lakini mu kitabu hicho kuko hadithi fupi ambayo Foucault aliitoa kwa Plutarko. Mspata mmoja aliulizwa juu ya nini wao hawalimi mashamba yao wenyewe, wanawaachia Wahiloti. Wahiloti walikuwa watu waliotiishwa na kufanywa watumwa. Mspata akajibu kwamba wanafanya vile ili wapate nafasi ya kujitunza wenyewe.

Soma tena polepole. Mu jibu hilo bei imeandikwa wazi bila haya. Tunajitunza juu wengine wanalima. Mwalimu wa asubuhi ya muujiza hakuandika bei. Mwenye video ya shuka nyeupe hakuiandika. Mspata aliiandika. Na mimi nikiangalia nyumba zetu nyingi, naona Wahiloti wetu: mtoto msichana, mama, ao binti wa kijijini aliyeletwa "kusoma mjini" ambaye hatujamwona na daftari.

Foucault anaongeza jambo lingine linalotufaa. Neno la Kigiriki alilochunguza linahusu pia kazi: namna bwana wa nyumba anasimamia shamba, namna muganga anashughulikia mgonjwa. Na kujitunza kwenyewe, anasema, hakukuwa jambo la mtu kujifungia peke yake. Kulifanyika kati ya watu, na marafiki, na walimu, na jamaa. Waswahili wamelisema kwa maneno mawili: kinyozi hajinyoi. Mtu anatunzwa na mkono wa mwenzake. Kwa hiyo swali si kama mkono wa mwingine unashughulika na wewe. Swali ni kama wako nao unarudi kwake.

Wa mwisho ni Audre Lorde, mshairi mwanamke mweusi wa Marekani. Mu kitabu chake A Burst of Light cha 1988, aliandika juu ya kujitunza akiwa na kansa iliyofika ku ini. Kwake halikuwa jambo la kujibembeleza. Mwanamke mweusi, mgonjwa, mu inchi ambayo haikumhesabu, akiamua kulinda nguvu zake ili aendelee kuandika na kupigana, hiyo ilikuwa kazi ya siasa. Alikufa 1992. Leo wanatumia maneno yake kuuza mishumaa ya harufu na sabuni za uso.

Mimi naona Lorde njo kipimo kizuri cha kusahihisha wengine wote. Alidai haki ya kujitunza kwa yule ambaye wote wanamtegemea na hakuna anayemtunza. Basi mu nyumba ya Katuba, mtu wa kwanza wa kuambiwa "jitunze" ni nani? Si yule mwenye diploma. Ni yule wa saa kumi ya usiku.

5. Kwa hiyo tufanye nini mwezi wa tisa?

Mtu ataniuliza: unataka tuache kupumzika, juu badogo wetu wanabeba maji? Hapana. Ukiacha kupumzika, bidoni haipungui uzito. Nataka kupumzika kwetu kuanze na hesabu.

Mbele ya kitabu, mbele ya malengo, twaa karatasi na uandike juma moja la nyumba yenu: nani anachota, nani anapasha, nani anafagia, nani anafula, nani anapika bukari ya mchana na ya jioni, na kila kazi inakula saa ngapi. Andika na majina. Sisi waliosoma tunapenda kusema kwamba tunajua kufanya uchunguzi. Tuufanye mu kiwanja chetu. Sifikiri kuko wengi watakaomaliza karatasi hiyo bila kushtuka.

Kiisha kila mtu achukue mzigo wake. Maji yako ya kuoga, uchote weye. Nguo zako, ufule weye. Najua jibu: "Yaya, mwanaume anafula? Batu batasema nini?" Lakini kijana huyo huyo, wakati alikuwa anapanga chumba na wenzake karibu na unif, alifula, alipika sombe ku mbabula, alibeba maji, na hakuna kidole kilichokatika. Ujuzi uko. Unapotea mlangoni siku anarudi kwa mama.

La tatu, tuchukue siku moja ya posho mwezi wa kumi, mbele ya mvua, tuifanye kazi ya nyumba nzima. Wazazi wanajua neno salongo. Wakati wa Mobutu lilikuwa amri kutoka juu, na wengi walilichukia kwa haki. Lakini kufanya kazi pamoja siku moja, kila mtu na jembe yake, mkubwa na mdogo, hilo si neno la Mobutu. Fungueni kanivo. Mwageni makopo na matairi yanayoshika maji, ambamo mbu watazaa mvua ikianza. Fuleni vyandarua, mshone vilivyopasuka. Pandeni ku mabati kuangalia misumari. Toeni magodoro ku jua, mkung'ute vumbi ya kiangazi. Mtoto mmoja akikosa malaria mwezi wa kumi na mbili juu ya kazi hiyo, mama atakuwa amepata usiku nyingi za kulala ambazo hakuna maji ya limau yangempa.

La nne njo naliona kubwa kuliko yote: kila mtu wa nyumba apate saa yake ambayo hakuna mtu anaweza kumtuma. Mnajua neno kutumwa. Mtoto msichana mu nyumba zetu anatumwa makala, anatumwa chumvi, anatumwa maji ya mgeni, mpaka analala. Saa isiyo na kutumwa, iliyopangwa na kuheshimiwa na baba mwenyewe, ni kujitunza ambako hakuombi hata franga moja. Alale kama anataka kulala. Asome kama anataka kusoma. Asikae kuuliza ruhusa.

Najua mpaka wa maneno haya. Kugawa mabidoni hakuleti bomba. Bomba italetwa na wenye madaraka, na sisi tunaojua kuandika barua na kusoma bajeti tunapashwa kuwadai bila kuchoka. Lakini mtu anayedai bomba ku serikali huku mdogo wake anamchotea maji ya kuoga, sauti yake inakuwa na kasoro. Wale wa nyumbani wanaisikia kasoro hiyo hata kama wanyamaza.

Kwa vitabu, sisemi mvitupe. Elrod amsaidie mwenye kukata tamaa. Kondo amfundishe mwanaume kukunja shati yake. Foucault asomwe mpaka ku ile hadithi ya Mspata, si mbele ya pale. Lorde asomwe na dada zetu kwanza. Na video ya mwezi wa tatu ikifika tena, mvua ikiwa inapiga ku mabati, muitazame mkipenda. Kiisha muulize swali ambalo halikuulizwa.

Mu nyumba nyingi za wanaosoma maneno haya, kuko binti aliye mwaka wa mwisho wa sekondari. Anangoja Examen d'État. Anasoma usiku, na kitochi cha telefone, kisha kuosha vyombo vya watu wote, na saa kumi atakuwa ku kisima. Diploma yako, kwa sehemu, ilibebwa ku kichwa chake. Bidoni ya kesho asubuhi, ibebe weye. Mwache alale.